Pasikosekane Mtu wa Kuitikia Ndani

Al Qabil, Omani
Tende za mwisho zimeshaangushwa

Kwako dada yangu Biubwa,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Shikamoo nyingine mpelekee Mama mkononi kwake, hata kama atakuuliza Zuhura ni nani. Mwambie ni yule mwanawe aliyekuwa akigombania ukoko wa wali. Huo labda bado anaukumbuka. Mnaendeleaje huko Wete? Mguu wako umepoa? Mwanangu Saida anakwenda skuli au bado anajifanya tumbo linamuuma kila Jumatatu?

Mimi sina homa wala jeraha, lakini nikikwambia ni mzima nitakuwa nakudanganya. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ukipokea tu, Saida huwa kakaa ubavuni mwako kategesha masikio, na haya si ya mtoto kuyasikia. Nimejaribu pia kurekodi sauti. Nikifika katikati nafuta, naanza tena, nafuta. Barua hii kaichukua binti mmoja wa Mtambwe anayerudi kwao, kaniahidi ataifikisha mpaka mkononi mwako.

Ulinitumia ile sauti ukisema kwamba siku hizi jioni Mama anakaa juu ya kitanda chake mwenyewe, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe na marehemu Baba, analia arudishwe kwao. Ulikuwa unacheka unaposema. Nakujua dada, kicheko kile hakikuwa kicheko. Ukaniuliza, wewe unayelea mzee huko Uarabuni, yakiwafika haya mnafanyaje? Basi nakujibu. Ila uisome yote, usiruke, kwa kuwa njia tuliyokuwa nayo ni nzuri sana, na kwa njia hiyohiyo tumempoteza Bibi Salma. Ndiyo, Bibi Salma amefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nilishakusimulia habari zake, lakini pengine umesahau. Ni mama yake Nasser, mwenye nyumba hii. Kazaliwa Unguja, Mkunazini, akaja huku mwanamke mzima wakati watu wanakimbia Mapinduzi. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani khasa, na mimi Mpemba niliyezaliwa nacho alikuwa akinisahihisha. Nikimwambia fulani yuko ndani, ananikata jicho. Anasema, ndani ni yumo, nani kakufunza wewe? Nilikuwa nampenda, dada. Katika nyumba hii yeye ndiye aliyekuwa akiniuliza kama nimekula.

Kisha akaanza kupotea. Ikishaswaliwa alasiri tu, anafunga kifurushi chake, kanga na chanuo na kichupa cha mafuta ya nazi, anavaa buibui, anasimama katikati ya ukumbi anasema apelekwe kwao, mama yake anamngoja. Mkewe Nasser, Asila, mimi namwita Mama Asila, ni mwalimu. Ni mtu mwema, lakini anarudi kachoka, na kila siku alimjibu neno moja: hapa ndipo kwako, Mama. Hilo neno nakuomba usimwambie Mama kamwe. Lilimpandisha Bibi wazimu. Alipiga makelele, siku moja akamng'ata Mama Asila mkono mpaka ukavimba. Wakaanza kufunga milango kwa ufunguo. Bibi akawa anakaa nyuma ya mlango anaukwaruza kwa kucha, na mimi niko jikoni nakaanga vitunguu, nasikia zile kucha.

Dawa yake ilitoka pahala usipopadhania. Ilitoka kwenye Kikorea.

Usicheke. Thuraya, binti yao mkubwa, alikuwa anataka kwenda kusoma Korea, na mtihani wa lugha ulikuwa unamkabili. Mwalimu wake alikuwa kwenye simu. Lakini lugha inataka mtu wa kusema naye, na katika nyumba nzima asiyekuwa na pa kukimbilia nilikuwa mimi. Ananifuata jikoni ananisimamisha mlangoni kama askari, halafu ananiamrisha kwa Kikorea, nami nitembee anavyosema ili yeye ajue kama kasema sawa.

Nikajifunza bila kutaka. Wenzetu wale wana mambo, dada. Sisi tunasema "ingia", imekwisha. Uwe ndani, uwe nje, ni ingia tu. Wao kwanza wanaangalia msemaji kasimama wapi. Aliye ndani akimwita wa nje anasema durowa, yaani ingia uje huku kwangu. Wakiwa wote wawili nje, mmoja akamwambia mwenzake aingie, hapo ni duroga, ingia uende huko. Hata ukifumba macho, kwa neno tu unajua mtu yuko upande gani wa mlango. Na kutoka ni vivyo hivyo: naga ukiondoka nilipo, nawa ukija nilipo. Thuraya alisimama uani akapiga kelele "nawa, nawa", na Bibi aliyekuwa kakaa mkekani akamjibu, nishanawa mjukuu wangu, chakula chenyewe kiko wapi? Tulicheka siku ile mpaka Mama Asila akaja kuuliza kuna nini.

Na ukimwita Mkorea, hakwambii naja. Anakwambia nakwenda, maana anahesabu kutoka pale aliposimama yeye. Nikamwambia Thuraya, mtu nimwite aniambie nakwenda, mimi nitajua kanikimbia. Halafu hata kutia kitu ndani wamekugawa. Kikiingia kwa kubana, kama pete kidoleni, kina neno lake. Kikiingia na nafasi ikabaki, kama tende kikapuni, kina neno jingine. Nikamuuliza, na mama yako akivaa ile abaya yake ya zamani, ni neno lipi? Akakaa chini kwa kucheka.

Siku moja tuko katika mambo yetu hayo, Bibi kishavaa buibui lake anataka kwenda, na Mama Asila hayupo. Thuraya akaniambia nimtoe nje kwa mlango wa jikoni, nikatembee naye wakati yeye anatafuta neno lake kwenye simu. Nikamshika Bibi mkono, tukatoka, tukafuata mfereji wa falaji kupita kwenye mitende, tukazunguka ukuta wote wa shamba tukatokea mbele ya nyumba. Bibi kachoka kidogo, jasho linamtoka. Akausimamia mlango wa mbele akabisha: hodi. Thuraya alikuwa ukumbini. Akaitikia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, karibu, karibu ndani, umefika. Akaufungua mlango.

Wallahi dada, Bibi alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa kaibeba mwaka mzima. Akaingia, akavua viatu, akakaa, akaomba kahawa. Akaniambia, alhamdulillahi tumefika, njia ndefu. Na jioni ile hakuna aliyekwaruza mlango.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yetu ya kila alasiri. Mimi ni mtu wa nje, Thuraya ni mtu wa ndani. Yeye alifurahi kwa kuwa alikuwa anasoma: nikiwa nje na Bibi namwambia duroga, akiwa ndani yeye anasema durowa, na Bibi katikati hana habari, anabisha hodi zake. Na hodi kwake haikuwa mchezo. Unajua tulivyolelewa. Unabisha ya kwanza, ya pili, ya tatu, usipoitikiwa unageuka unarudi ulikotoka, hata mlango uwe wazi kiasi gani. Bibi alikuwa kasahau majina ya wanawe, lakini hilo hakulisahau. Hakuvuka kizingiti hata siku moja bila kuitikiwa. Na mimi sikuweza kumwitikia. Nilijaribu mara moja, nikatangulia kuingia nikamgeukia nikasema karibu. Akanitazama juu mpaka chini. Wewe si umetoka na mimi, akasema, utanikaribishaje?

Thuraya akafaulu. Nasser alinuna muda mrefu, kisha akakubali. Asubuhi ya safari Thuraya alisimama mlangoni akatuambia danyo olkeyo. Ndivyo wasemavyo wenyewe wakitoka nyumbani, ni kwenda na kurudi vimefungwa katika neno moja, huwezi kulikata ukachukua nusu. Anayebaki anajibu danyo wa. Mimi ndiye niliyemjibu, wengine hawakulijua. Bibi alimbusu akamwambia amsalimie mama yake akifika Mkunazini.

Baada ya hapo, dada, nje nilikuwepo na ndani hapakuwa na mtu.

Nilimwomba Mama Asila ashike nafasi ile. Akaishika siku chache. Lakini Bibi akifunguliwa mlango anamuuliza, wewe nani, umeingiaje nyumbani kwetu? Jambo hilo lilimuuma. Kamlisha mama mkwe wake miaka yote, leo anaulizwa yeye nani na mwenye kifurushi. Akawa anachelewa kurudi kutoka skuli, na mimi sikumlaumu. Nasser ana gereji Firq, huku anakuja mwisho wa wiki tu. Nikabuni hila yangu. Nikifika na Bibi mbele ya nyumba namwambia angoje naenda kuchuma limau, nazunguka mbio mpaka nyuma, naingia kwa mlango wa jikoni, napita ukumbini, nabadilisha sauti naitikia karibu. Yeye akifunguliwa mlango ananiona mimi, na kwa kuwa nimetokea ndani, ananikubali. Ananiambia, limau zenyewe? Namwambia ziko jikoni. Ilifaa. Nilikuwa nahema kama mbuzi wa Idi, lakini ilifaa.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya joto, watu wako juu ya mitende. Mbuzi wa jirani walikuwa wameingia jikoni siku iliyotangulia wakamwaga unga, na Nasser kasema mlango ule sasa ufungwe kwa ufunguo kila tukitoka. Nikaufunga. Ufunguo nikaufundika kwenye pindo la kanga. Tukazunguka na Bibi kama kawaida, tukafika mbele.

Akanishika mkono akaniambia, "Leo nimechoka, mwanangu. Waambie wafungue upesi."

Nikamwambia, "Ngoja hapahapa kivulini, Bibi. Nakwenda kuangalia kama wamo."

"Haya. Nenda."

Nikakimbia. Nilipofika mlango wa jikoni fundo lilikuwa limekaza kwa jasho, halifunguki kwa vidole, nikalifungua kwa meno. Nikasikia hodi ya kwanza kutoka upande wa pili, mbali, sauti ndogo. Nikaitikia, lakini nilikuwa bado nje, nyuma ya nyumba, na Bibi yuko mbele, nyumba nzima iko kati yetu. Ya pili niliisikia naingiza ufunguo. Ya tatu sikuisikia. Jikoni mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka, na najua tu kwamba aliibisha kwa sababu namjua yeye. Nikafika ukumbini nikasema kwa sauti ya furaha, karibu Bibi, karibu ndani, umefika. Nikaufungua mlango. Palikuwa na kivuli na kizingiti. Bibi hayupo.

Hakuitikiwa, akageuka akaondoka. Ndivyo adabu inavyotaka.

Sitakuandikia kila kitu. Nilikimbia barabarani, nikarudi, nikapita mferejini nikitazama maji kwa hofu ya kumwona humo, nikapiga kelele mpaka wanaume wakateremka mitendeni. Mama Asila alipofika na gari alinikuta sina viatu. Watu wa mtaa mzima walimtafuta, na jua lile, dada, ni jua ambalo ukishika chuma unaungua.

Kuna mtaa wa zamani nyuma ya mashamba, nyumba za udongo walizozihama wenyewe, mapaa yameanguka, nyingine zimebaki ukuta na fremu ya mlango. Mbangali mmoja anayefungulia maji shamba la huko alimkuta huko jua linakaribia kuzama. Alikuwa kakaa chini mbele ya fremu ambayo nyuma yake hakuna nyumba, ni mawe tu na magugu. Kifurushi kapakata. Yule bwana alisema alikuwa akisikia sauti ya mwanamke tangu mapema, akadhani ni watu wa shamba wanaitana.

Wakamkimbiza hospitali Ibra. Mimi nilikaa naye kwa kuwa alikuwa hasikii tena Kiarabu. Midomo ilikuwa imepasuka, nikawa nailowesha kwa pamba. Nilikesha naye. Asubuhi akafumbua macho akanitazama, na nadhani alinijua, kwa sababu alisema kama mtu anayetoa taarifa kwa aliyemtuma.

"Nimebisha hodi," akasema. "Hawamo."

Hakusema tena mpaka alipokata roho.

Katika matanga wanawake walikuja, walinipa pole kwa ncha za vidole. Nikipita na sinia la kahawa wananyamaza. Nasser hakunipiga wala hakunitukana. Aliniita mbele ya ndugu zake akaniuliza swali moja, kwa nini nilimwachia mkono. Nikamweleza yote, hila yangu, mbuzi, ufunguo, nikamwambia kuwa Bibi alibisha mara tatu hakuitikiwa. Hapo akafumba macho. Alielewa palepale, na kwao ni hivyohivyo, ya tatu unaondoka. Lakini kuelewa hakukumfanya anisamehe. Alisema hawezi kuniona kila siku nikipita mlango ule.

Basi ananihamishia Jalan Bani Bu Ali kwa dada yake, nikamalize mkataba huko. Ile likizo niliyowaahidi baada ya tende imekufa. Pasi yangu ya kusafiria iko kwake. Nilimwambia Nasser kwamba mama yangu mwenyewe sasa anaumwa ugonjwa uleule, nikamwomba anirejeshe. Akaniuliza, ukamfanyie hivihivi na yeye? Dada, nilitamani aninase kibao kuliko kuniambia vile. Nililia jikoni mpaka machozi yakanikauka.

Thuraya hakuambiwa mpaka Bibi kishazikwa, kwa sababu ya mitihani. Akanipigia mimi. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Nani alikuwa ndani?" Nikamwambia hakuna. Alilia muda mrefu, mimi huku nalia, hakuna aliyemnyamazisha mwenziwe. Halafu akasema ni yeye aliyekuwa wa ndani, na yeye aliondoka. Nikamwambia aache maneno hayo, asome, arudi, si ndivyo alivyotuaga?

Sasa sikiliza, maana hili ndilo nililokuandikia. Mama akisema anataka kwenda kwao, usimwambie yuko kwao. Usimfungie. Mvishe buibui, mpe kifurushi chake, mtoe kwa mlango wa uani. Mpitishe kwenye mikarafuu ya Ami Faki, mzungushe taratibu, mtokeze mbele. Asiende mbali, magoti yake unayajua. Aje abishe hodi mwenyewe. Na wewe usimwachie mkono. Hata nyumba ikiungua, usimwachie mkono. Lakini huwezi kuwa nje naye na wewe huyohuyo ukawa ndani. Mimi nilidhani naweza. Lazima awepo mtu wa pili, kakaa tayari ukumbini, na hodi ya kwanza tu aitikie, asingoje ya pili.

Mtu huyo alikuwa awe mimi. Ndiyo sababu niliiomba likizo ile kwa kupiga magoti, nilikuwa sijakwambia.

Kwa hiyo mwombe Bi Mize, jirani yetu, mpe salamu zangu nyingi. Mwambie simwombi kitu ila sauti yake kila jioni, aje akae ukumbini kwetu badala ya kibarazani kwake. Asipoweza, basi Saida. Mfunze mwanangu kuitikia karibu kwa sauti kubwa. Hata akiwa anacheza, akisikia hodi aache kila kitu. Msimwambie kwa nini. Msalimie Ami Faki, mdogo wake Baba, mwambie mikarafuu yake itakanyagwa kidogo asigombe. Msalimie na mwalimu wa chuo cha Kurani, amwombee Bibi Salma dua, jina la mama yake ni Zuwena.

Na Mama mbusu kwa niaba yangu. Mwambie nakuja, hata kama sijui lini, na hata kama nitakapofika hatanijua. Siku hiyo, dada, msije kunipokea bandarini, wala msisimame nje kuningoja. Niacheni nije peke yangu mpaka mlangoni, nibishe hodi. Mama mkalisheni ndani, na asiitikie mwingine yeyote ila yeye. Akiniitikia kama mgeni, nitaingia hivyohivyo kama mgeni.

Ni mimi mdogo wako, niliye nje bado,

Zuhura